Kutu na Nyufa

Lugha yetu ilikwisha kutambua zamani kwamba vyuma havilingani. Ndiyo maana tuna chuma, tuna pua, na tuna feleji. Karne ya ishirini ikatuongezea stenlesi. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alipokichanganya na kromiamu, kiasi cha asilimia 12.8, akapata chuma kisichoshika kutu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea mjini Masasi, aliniletea swali lenye fedha ndani yake. Mteja anataka aundiwe gari kwa kuiga gari la spoti la zamani, na ameshikilia kwamba fremu iwe ya stenlesi ili idumu. Fundi akikubali, itambidi anunue mabomba kwa akiba yake mwenyewe.

Nilimsimulia habari za DeLorean. Gari hilo lilianza kuundwa kiwandani mwaka 1981 huko Dunmurry, karibu na Belfast. Bodi yake ilikuwa ya stenlesi isiyopakwa rangi. Yaliundwa magari kama 9,000 tu, kampuni ikaanguka mwaka 1982. Lakini chini ya mng'ao ule, fremu ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa epoksi. Epoksi ilipopasuka, maji yalipenya, kutu ikala fremu huku bodi ikiendelea kung'aa. Baadaye mafundi wa Marekani waliunda fremu za stenlesi kwa kuiga ile ya kwanza.

Je, mteja wetu anasema kweli? Katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, ana hoja. Lakini gari litokalo Masasi kwenda Newala hupanda ukingo wa Uwanda wa Makonde, na katika safari za huku mtikisiko huwahi kuua fremu kabla ya kutu. Mtikisiko huanzisha nyufa penye maungio, na hapo stenlesi ya kawaida haina nguvu za ziada. Tena ikipata moto hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, na joto halisambai upesi, hivyo fremu hupinda inapochomelewa. Joto likizidi, kando ya kiungo hupoteza kinga yake, na kutu huanzia papo hapo. Chuma cha kawaida kikipasuka njiani, fundi wa kijiji chochote chenye umeme hukiunga.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kosa la fremu ya DeLorean halikuwa chuma cha kawaida. Kosa ni kukifunika na kukisahau. Nilimshauri kijana amweleze mteja hivi: fremu iwe ya chuma cha kawaida, ipakwe rangi nje, mabomba yatiwe mafuta ndani, na maungio yote yakaguliwe kila mwaka. Mteja akikataa, shauri yake. Lakini fundi asinunue bomba hata moja la stenlesi kabla ya kupokea malipo ya awali.