Ndoa ya Mtandaoni Mbele ya Afisa wa Viza

Ndoa inayofungwa kwa simu au kwa video, bwana harusi akiwa nchi moja na bibi harusi nchi nyingine, ni sura mpya ya jambo la kale. Kabla ya intaneti watu walioana kwa wakili, kwa barua na hata kwa picha. Tangu mwanzo wa karne ya 20 nchi zinazopokea wahamiaji zimekuwa zikijiuliza kama mke au mume aliyepatikana kwa njia hiyo ana haki ya kuingia, na majibu yao hayafanani. Ndoa iliyo halali kabisa mahali ilipofungwa inaweza isifue dafu mbele ya afisa wa viza.

Katika historia ya Uislamu, mfano mashuhuri wa ndoa ya mbali ulitokea Afrika. Umm Habiba, binti wa Abu Sufyan, alikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo waliohamia Uhabeshi, na kwa mapokezi yanayojulikana sana, Mtume alimwandikia Najashi, mfalme wa huko, amwozeshe, naye Najashi akatoa mahari kwa niaba yake. Fiqhi ikaendelea na utaratibu huo: bibi harusi huozeshwa na walii wake, na bwana harusi asiyeweza kufika humweka wakili wa kupokea kwa niaba yake mbele ya mashahidi wawili. Ndiyo maana katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako vijana wengi wametafuta riziki Omani na Ghuba, ndoa ya Mombasa au Unguja inaweza kufungwa mwenyewe akiwa ng'ambo bila mtu kushangaa.

Ulaya nako hawakuwa wageni wa jambo hili. Mwaka 1810 Napoleon alimwoa Marie Louise wa Austria kwa sherehe iliyofanyika Vienna bila yeye kuwapo. Nafasi yake ilishikwa na Karl, ami yake bibi harusi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ufaransa ilitunga sheria ya Aprili 1915 iliyowaruhusu askari walioko vitani kuoa kwa wakili, ili wachumba wao wasibaki bila haki ya ujane endapo mwanamume angeuawa kabla ya kurudi.

Suala likawa la uhamiaji pale Marekani na Japani zilipokubaliana, mwaka 1907 na 1908, kwamba Japani iache kuwapa vibarua pasipoti za kwenda Marekani. Makubaliano hayo yaliacha mlango mmoja wazi: wake na watoto wa wanaume waliokwisha kuwa huko waliruhusiwa kuwafuata. Maelfu ya Wajapani waliokuwa wakilima California na Hawaii wakatuma picha zao nyumbani kwa washenga, na familia zikachagua. Jina la msichana lilipoandikwa katika daftari la familia ya mume, sheria ya Japani ilimhesabu kuwa mke, ingawa hajamwona mume wake. Wakorea nao walifuata njia hiyo.

Meli zilipotia nanga, wanawake walishuka kila mmoja na picha mkononi, wakilinganisha sura iliyochapishwa na sura zilizokuwa zikiwangoja. Wengine waligundua kwamba picha ilipigwa miaka mingi nyuma. Kwa waliofika San Francisco, mahojiano yalifanyika katika kituo cha Angel Island kilichofunguliwa mwaka 1910. Kwa muda mrefu maafisa hawakuikubali ndoa ya daftari, wakataka wawili hao wafunge ndoa upya papo hapo bandarini, na sharti hilo lilidumu hadi mwaka 1917. Chuki dhidi ya Waasia ilipopamba moto California, serikali ya Japani yenyewe iliacha kuwapa wanawake hao pasipoti za kwenda Marekani bara mwaka 1920.

Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilifunga mlango kwa maandishi. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka huo ilisema kwamba maneno "mke" na "mume" hayamhusu mtu aliyeolewa au kuoa kwa wakili au kwa picha. Muda mfupi kabla ya hapo mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ilikuwa imemkubali mwanamke Mreno aliyeolewa kwa wakili na mwanamume aliyekuwa akiishi Marekani, kwa kuwa ndoa hiyo ilikuwa halali Ureno. Mkono mmoja wa dola ulifungua na mwingine ukafunga, na aliyelipia tofauti hiyo alikuwa mtu wa kawaida aliyefuata sheria ya kwao.

Sheria ya mwaka 1952 ililegeza kidogo, na maneno yake ndiyo yanayotumika hadi leo. Mtu hahesabiwi kuwa mwenzi wa ndoa kwa sherehe ambayo wawili hao hawakuwa pamoja ana kwa ana, isipokuwa ndoa hiyo iwe imekamilishwa kwa tendo la ndoa. Sharti hili, lililoandikwa wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado ngeni majumbani, ndilo linaloamua hatima ya ndoa za video.

Maneno hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu wengi huumia kwa kutoyaelewa. Sheria inadai wawili wawe pamoja wao kwa wao. Haisemi lazima mfungishaji awe chumbani. Wachumba walioketi kochi moja Nairobi, wakiozeshwa kupitia skrini na mtu aliye Utah, hawaguswi na kipengele hicho. Wanaoguswa ni yule aliye Minneapolis na mwenzake aliye Nairobi. Wawili hao wakishaonana na kuishi kama mke na mume, ndoa yao hutambuliwa kuanzia siku ya sherehe, si siku ya kukutana. Lakini kukutana huko kuwe baada ya sherehe. Hata kama waliwahi kuishi pamoja kabla ya hapo, hilo halihesabiwi.

Kwa hiyo kazi ya afisa inakuwa ya tarehe. Huchukua cheti cha ndoa, tuseme cha Machi, kisha hupekua pasipoti kutafuta muhuri wa kuingia nchini ulio baada ya Machi. Hutazama tiketi za ndege, risiti za hoteli na picha za pamoja. Safari ya mwisho ikiwa ni ya Februari, ombi hukwama, na mwombaji hana budi kupanda ndege tena, kwa nauli ambayo kwa mlinzi wa usiku au mhudumu wa wazee ni akiba ya miezi mingi. Wasioweza kuthibitisha kukutana huko baada ya sherehe huweza kuomba viza ya mchumba, iliyoanzishwa mwaka 1970. Tangu marekebisho ya mwaka 1986, viza hiyo nayo inataka wawili wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya ombi, isipokuwa kwa msamaha maalumu, kisha waoane ndani ya siku 90 baada ya mgeni kuwasili.

Simu ilipoenea, wanazuoni wa Kiislamu nao walilazimika kutoa kauli. Mwaka 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah lilikubali mikataba ya biashara kwa vyombo vya kisasa, lakini likaitoa nikaha katika ruhusa hiyo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Hivyo njia iliyo salama zaidi kwa Mwislamu aliye ng'ambo imebaki ileile ya kale: kumteua wakili, ili ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kupokea, vitamkwe katika kikao kimoja.

Uingereza imechukua njia isiyo ya Marekani. Mahakama zake zinatazama sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Katika kesi ya Apt iliyoamuliwa miaka ya 1940, ndoa iliyofungwa Buenos Aires huku bibi harusi akiwa Uingereza ilikubaliwa, kwa hoja kwamba kuwakilishwa na wakili ni suala la namna ya sherehe tu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilithibitisha, katika shauri lililohusu ndoa ya kimila ya Ghana, kwamba ndoa ya wakili iliyo halali ilikofungwa inatambuliwa hata pale mwombaji anapodai haki ya ukaazi kupitia raia wa nchi nyingine ya Ulaya.

Kanada ilifuata njia ngumu kuliko zote. Tangu Juni 2015 kanuni zake za uhamiaji hazimtambui mwenzi kama mmoja wao hakuwapo kimwili kwenye sherehe, iwe kwa wakili, simu, faksi au intaneti. Kukutana baadaye hakuponyi kasoro hiyo. Walioachiwa ni wanajeshi wa Kanada waliozuiwa na kazi. Lengo lililotajwa ni kuwalinda wanawake dhidi ya ndoa za kulazimishwa, na ni lengo la haki. Ila kanuni hiyo haitofautishi msichana aliyelazimishwa na mkimbizi asiyeweza kurudi nchi aliyoikimbia, ambaye kwake wakili ndiye aliyekuwa njia pekee. Huyo wa pili alistahili kufikiriwa kama alivyofikiriwa mwanajeshi.

Video yenyewe iliingia kwa kishindo Agosti 2003, mwanaanga Mrusi Yuri Malenchenko alipomwoa mchumba wake aliyekuwa Texas, yeye akiwa katika kituo cha anga. Texas iliruhusu ndoa ya wakili, na rafiki alisimama mahali pake. Kilichokuwa kioja kikawa huduma ya kawaida wakati wa korona mwaka 2020, ofisi ya karani wa Utah County ilipowafungulia wachumba wa dunia nzima leseni na sherehe za mtandaoni, hata kama wote wawili hawajawahi kukanyaga Marekani.

Hapo likazuka swali ambalo majaji bado wanalijibu kila mmoja kivyake: ndoa ya video hufungwa wapi? Israeli haina ndoa ya kiserikali, na wachumba waliokosa pa kuoana waliikimbilia Utah. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikataa kuwaandikisha, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Machi 2023 kwamba cheti cha Utah kinatosha kwa usajili. Mahakama ya Shirikisho ya Ujerumani ilikwenda kinyume Septemba 2024, katika kesi ya Wanigeria wawili waliooana kupitia Utah wakiwa Ujerumani. Kwa kuwa ridhaa ilitamkwa katika ardhi ya Ujerumani, ilisema, ndoa ilifungwa Ujerumani, na huko haitoshi bila wawili kufika kwa msajili pamoja.

Kwa wanaooana Afrika Mashariki, jibu la swali hilo hutangulia hata fomu ya viza, kwani karibu kila ubalozi huanza na uhalali wa ndoa mahali ilipofungwa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 kinasema muungano si ndoa ikiwa mmoja wa wawili hakuwapo kwenye sherehe. Kifungu cha 49 cha sheria hiyohiyo kinawaondolea Waislamu masharti yanayopingana na dini yao, na hapo ndipo nikaha ya wakili inapopata nafasi yake kisheria. Cheti cha nikaha hiyo kikifika ubalozi wa Marekani, swali la tarehe na mihuri linabaki palepale. Kikifika kwa maafisa wa Kanada, ombi la mwenzi wa ndoa hukataliwa hadi wawili hao wafunge ndoa upya wakiwa pamoja.