Wazee wa Katuruka na Profesa Aliyewasikiliza

Baada ya kurasa za madarasa na maji, tunaomba tuzungumzie mti.

Mti huo ni Kaiija, wa Katuruka kule Maruku. Wazee walisimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na chuma chake kikafuliwa hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika kijana Mmarekani, Peter Schmidt, akitafuta shahada ya uzamivu. Wengine wangecheka. Yeye aliuliza ni wapi hasa, na mwaka 1970 akachimba walipomwonyesha. Yakatoka mavi ya chuma na mabaki ya tanuri ya zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko Rugomora Mahe mwenyewe kwa karne nyingi.

Kisha yeye na mwenzake, Donald Avery, wakawaomba wazee wayeyushe chuma tena. Majembe ya dukani yalikuwa yameua kazi hiyo zamani, na waliowahi kuifanya walikuwa vikongwe. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya bwawani, wakavuta mivukuto. Majaribio ya kwanza hayakufaulu; wazee wakashauriana, wakarudia, chuma kikatoka. Mwaka 1978 jarida la Science lilieleza maarifa yao: hewa ilipata moto ndani ya mifereji ya udongo kabla haijafikia makaa.

Schmidt alishiriki pia kuanzisha masomo ya akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985. Lakini miaka hiyohiyo UKIMWI uliingia Kagera, na tunajua sote ulivyotufagia. Aliporudi Katuruka mwaka 2008, wasimuliaji wengi walikuwa wamezikwa. Wanakijiji ndio waliotaka urithi wao ufufuliwe. Waliunda kamati, wakawahoji wazee waliobaki, hasa akina mama, ambao zamani watafiti waliwapita wakiwatafuta wanaume. Nyumba ya mfalme ikajengwa upya kwa nyasi, wageni wakakaribishwa.

Katuruka ilibahatika kuwa na kumbukumbu zilizoandikwa mapema. Vijiji vyetu vingi havina. Kwa hiyo sehemu ya mchango wa mwaka huu itanunua vinasa sauti na kuwalipa nauli vijana watakaowarekodi wazee wetu. Ukija Krismasi, tupe jina la bibi au babu wa kuanza naye.