Namba tatu za rilei ya transfoma zilitoka wapi?

Ukifungua mipangilio ya rilei ya kisasa inayolinda transfoma kubwa ya umeme, utakutana na namba kama hizi: 0.3, 30%, 15%. Wengi huzinakili kutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji na kuendelea na kazi. Lakini kila namba pale ipo kwa sababu kuna jambo liliwasumbua wahandisi zamani. Ukilijua jambo lenyewe, huwezi tena kunakili ukiwa umefumba macho.

Tuanzie Newcastle, Uingereza, mwaka 1904. Charles Merz na Bernard Price walisajili hataza ya wazo rahisi kabisa: linganisha mkondo unaoingia kwenye kifaa na ule unaotoka. Ikiwa ni sawa, mambo shwari. Ikiwa haulingani, kuna unaopotelea ndani, yaani kuna shoti, basi kata umeme mara moja. Kupima wanaachiwa CT, zile transfoma ndogo zinazopunguza mkondo mpaka rilei iweze kuusoma. Baadaye Price alihamia Afrika Kusini, akawa mhandisi mkuu wa kampuni iliyouzia umeme migodi ya dhahabu ya Rand. Taasisi ya utafiti yenye jina lake ilianzishwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Kwa kebo, hesabu ni nyepesi: kilichoingia ndicho kinachotoka. Transfoma ni kama ghala ambalo mahindi yanaingia kwa magunia na kutoka kwa debe. Karani lazima ajue gunia moja ni debe ngapi. Chukua transfoma ya MVA 60, 132/33 kV, volteji ambazo zinatumika Kenya na Tanzania. Mzigo ukijaa, upande wa juu hupita ampea 262 na wa chini 1,050. Ukifunga CT za 300/1 na 1200/1, kila upande unaipelekea rilei ampea 0.875. Hesabu imekaa sawa.

Imekaa sawa, ila si kwa asilimia mia. Transfoma hubadilisha tepu ili kurekebisha volteji, kwa hiyo uwiano wake unahamahama. CT nazo hazipimi bila kosa. Na kiini cha chuma kinakula mkondo kidogo wa kujitia usumaku, ambao unaingia upande mmoja tu. Hapo ndipo inatoka 0.3: tofauti iliyo chini ya 30% ya mkondo wa kawaida, rilei iipuuze.

Sasa namba ya pili. Shoti ikitokea nje, tuseme kwenye laini, mkondo mkubwa sana unapita ndani ya transfoma ambayo haina kosa lolote. Makosa madogo ya CT yanakua pamoja nao, na rilei inaona tofauti kubwa, inakata. Mji mzima gizani kwa kosa la jirani. Dawa ilikuwa kuifanya rilei iwe mvumilivu kadiri mkondo unaopita unavyoongezeka: isikate mpaka tofauti izidi asilimia fulani ya mkondo huo. Rilei za namna hii zilikuwa zimeenea kufikia miaka ya 1930. Hiyo ndiyo 30% yako.

Namba ya tatu ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi. Ukiwasha transfoma, kiini chake kinaweza kujaa usumaku kupita kiasi na kuvuta mkondo unaofikia hata mara 10 ya kawaida, kwa muda mfupi. Unaingia upande mmoja, hautoki kokote. Kwa rilei, hiyo ni shoti tupu! Mwanzoni waliichelewesha rilei wakati wa kuwasha. Lakini je, kama kuna shoti ya kweli siku hiyo hiyo? Kila sekunde ya kusubiri ni koili inayoungua ndani ya mafuta.

Mwaka 1938 Kennedy na Hayward, Marekani, walichapisha njia nyingine: usiangalie ukubwa wa mkondo peke yake, angalia umbo lake. Mkondo wa kuwashia umepinda, umejaa hamoniki, hasa ya pili, ambayo kwenye gridi ya Hz 50 ni Hz 100. Mkondo wa shoti unakaribia wimbi safi. Kwa hiyo hamoniki ya pili ikizidi, tuseme, 15%, rilei inyamaze.

Mwaka 1969 George Rockefeller alichapisha pendekezo la kulinda mitambo kwa kompyuta. Leo hesabu zote hizi zinafanywa na programu ndani ya rilei, lakini maswali ni yale yale.

Na hapa ndipo kunakili kunapouma. Vyuma vya viini vya siku hizi ni bora kuliko vya zamani, na transfoma nyingine mpya zikiwashwa hutoa hamoniki ya pili iliyo chini ya 15%. Rilei itakata bila sababu. Ukiishusha namba sana, unaongeza uwezekano wa rilei kunyamaza wakati wa shoti halisi. Transfoma ya MVA 60 haiuzwi dukani. Huagizwa, na kuisubiri kunaweza kuzidi mwaka. Kwa hiyo kabla ya kuandika 15%, itazame kwanza rekodi ya mkondo wa kuwashia wa transfoma uliyonayo.