Kalongolongo na Sanduku la Mchanga

Nilikuwa darasa la tatu baba alipoondoka nyumbani. Mwalimu wa ushauri nasaha akaniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti kirefu, miguu yangu ikining'inia. "Haya sema, shida ni gani?" Nikamwambia hakuna. Saa ya mapumziko tulicheza kalongolongo nyuma ya madarasa. Mimi ndiye nilikuwa baba. Nilifunga begi, nikaenda zangu, na wenzangu waliponiita nikakataa kurudi.

Kumbe hii kitu ilishajulikana kitambo. Mwaka 1928 Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto, alifungua kliniki London, akaweka humo sanduku la vitu vidogo vidogo vya kuchezea. Baadaye kukawa na trei ya mchanga. Watoto wenyewe ndio walioanza kupanga vile vitu mchangani, na walichojenga wakakiita dunia. Lowenfeld alikuwa na akili ya kutowazuia.

Marekani, Virginia Axline alichapisha kitabu chake kuhusu tiba ya michezo mwaka 1947. Kwake, mtoto ndiye anaongoza. Mshauri hamhoji, anataja anachokiona, kwamba huyu mwanasesere amekasirika kweli, kisha ananyamaza. Masharti ni machache: usimuumize mtu, na muda ukiisha umeisha.

Shuleni mambo hayo yalifika kwa njia ya ajabu kidogo. Warusi walirusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani wakashikwa na baridi, na mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya kusomesha washauri wa shule za upili ili wasake vipaji vya sayansi. Mwaka 1964 sheria hiyo ikapanuliwa hadi shule za msingi. Sasa wazia mtu aliyefunzwa kuongea na vijana wa miaka 17, mbele yake kuna mtoto wa miaka sita anayetazama viatu vyake. Mazungumzo gani hapo? Ndiyo maana wengine walianza kubeba midoli, udongo wa kufinyanga na simu za kuchezea. Wasio na chumba walitumia kona yoyote iliyopatikana.

Sisi hatukuhitaji hata midoli. Tulikuwa na vumbi, makopo na vifuniko vya soda, na dirisha la ofisi ya yule mwalimu lilitazama palepale tulipokuwa tukicheza.