Paneli ya sola iliyovunjika: fundi ajikinge vipi na vumbi lake?

Hapa Ilula, wilayani Kilolo, sola inawasha taa na kuchaji simu zetu. Paneli ikivunjika huishia kwa fundi au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Tunaeleza kinachoweza kumdhuru na namna ya kujikinga.

Kilichomo ndani

Paneli nyingi za majumbani ni za silikoni. Nyingine, nyeusi tupu zisizoonyesha vipande vipande, hutumia kadimiamu teluraidi. Soma kibandiko cha nyuma: ukiona herufi CdTe, ndiyo hiyo. Tabaka lake ni jembamba kuliko unywele, nalo limefungwa katikati ya vioo. Paneli nzima juu ya bati haina neno. Hatari huanza inapopondwa, kukatwa au kuchomwa ili kutoa shaba.

Inavyodhuru

Kadimiamu huingia mwilini tukivuta vumbi au moshi, au tukila bila kunawa. Hukaa kwenye figo miaka mingi, hudhoofisha mifupa na huweza kusababisha saratani. Aliyevuta moshi wake anaweza kupata homa, kikohozi na kubanwa kifua saa kadhaa baadaye, akadhani ni malaria. Ukifika zahanati, mwambie mganga ulichokuwa unachoma. Hali ni hiyo hiyo kwa betri za zamani zilizoandikwa NiCd.

Ufanye nini

- Funika paneli kwa turubai. Hata ikiwa imevunjika, juani bado inatoa umeme.
- Vaa glovu ngumu, miwani na barakoa ya kuchuja vumbi (N95 au FFP2). Ya kitambaa haitoshi.
- Usifagie pakavu. Nyunyiza maji, kisha okota na upanguze kwa tambara bichi.
- Usile wala kuvuta sigara kazini. Nawa kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.
- Vipande viweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Usivitupe shambani, kwani mboga za majani hunyonya kadimiamu kutoka ardhini.

Ukishindwa kutambua aina ya paneli, ichukulie kuwa ina sumu.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. OSHA ndiyo inayoisimamia. Kijana anayejifunza kazi kwa fundi naye ana mapafu yale yale. Asipewe nyundo kabla ya barakoa.