Kwa nini nembo na maandishi hutoweka faili ya PDF inapoingizwa ukurasani

TANGAZO la zabuni likifunguliwa kwa programu ya Acrobat, kila kitu huonekana: nembo, muhuri, sahihi na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi. Likiingizwa katika programu ya kusanifu kurasa, nembo haipo, au mahali pa tarehe pamebaki patupu. Tangazo la aina hiyo likichapishwa halimfai aliyelilipia, na gazeti huenda likalazimika kulirudia bila malipo.

Aghalabu kilichotoweka hakijapotea. PDF, iliyobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa na shirika la ISO mwaka wa 2008, si picha bali ni mfululizo wa maagizo ya kuchora: weka herufi hizi hapa, jaza umbo hili rangi ile, ficha kilicho nje ya mpaka huu. Programu inayoipokea hulazimika kuyafasiri maagizo hayo, na lile isiloliweza huliruka, mara nyingine bila onyo lolote.

Swali la kwanza, basi, ni iwapo faili imewekwa ukurasani au imefunguliwa. InDesign huiweka PDF nzima bila kuigusa. Illustrator, CorelDRAW na Inkscape zikiifungua ili ihaririwe, huibomoa na kuijenga upya kwa mtindo wake, na hapo ndipo vitu vingi hudondoka. Tangazo lililokamilika halina haja ya kufunguliwa. Wapo wasanifu wanaolifungua kwa ajili ya kusahihisha neno moja tu, wakajikuta wamepoteza kivuli cha nembo na nusu ya ramani.

Hata faili iliyowekwa tu ina mitego yake. InDesign kwa kawaida huonyesha taswira hafifu, hivyo mistari myembamba huweza kukosekana kwenye skrini ilhali ipo. Ubora wa onyesho uongezwe kwanza. Tatizo likiendelea, faili iwekwe upya huku chaguo za uingizaji zikionyeshwa. Hapo msanifu ataona mpaka uliotumiwa kuikata, kwani PDF moja huweza kuwa na mipaka kadhaa, na kilicho nje ya mpaka uliochaguliwa hakitaonekana. Ataona pia matabaka, ambayo PDF imeweza kuwa nayo tangu toleo la 1.5 la mwaka wa 2003. Tabaka lililozimwa na aliyetayarisha faili laweza kuwashwa papo hapo.

Muhuri na sahihi zina kisa tofauti. Zikiongezwa kwa Acrobat baada ya faili kukamilika, huelea juu ya ukurasa kama maelezo ya pembeni, sawa na majibu yaliyojazwa kwenye fomu, na InDesign haivichukui vitu hivyo. Dawa ni kuichapa faili hiyo kuwa PDF mpya ili vyote viwe sehemu ya ukurasa. Nakala asilia ihifadhiwe, kwa kuwa sahihi ya kidijitali hupoteza uthibitisho wake katika nakala mpya.

Hatari kubwa zaidi ni herufi nyeupe. Katika uchapishaji wa kawaida weupe si wino. Ni karatasi iliyoachwa wazi. Herufi nyeupe ikiagizwa ichapwe juu ya rangi iliyo chini yake badala ya kuikata, hakuna kinachochapwa. Skrini huweza kuionyesha vizuri, gazeti likatoka bila hiyo. Kwa hiyo onyesho la rangi zinazochapwa juu ya nyingine liwashwe, katika InDesign au Acrobat, kabla ya ukurasa kupelekwa mtamboni. Illustrator ina chaguo la kupuuza agizo hilo kwa vitu vyeupe.

Fonti zisipopachikwa ndani ya faili, maandishi hubadilika umbo au hutoweka. CorelDRAW huuliza iwapo maandishi yaingie kama maandishi au kama michoro. Inkscape nayo ina njia ya Poppler inayogeuza herufi kuwa maumbo. Sura huhifadhika, lakini maneno hayahaririki tena.

Vivuli na rangi angavu ziliingia katika PDF 1.4 mwaka wa 2001, na programu au mitambo ya zamani huvikosea. Anayemwomba mteja faili ya PDF/X-1a hupata fonti zote na hapati uangavu wowote. PDF/X-4 huuruhusu uangavu na matabaka. Hata hivyo, PDF/X-1a haizuii weupe kuagizwa uchapwe juu ya rangi nyingine, na ukaguzi wa macho bado unahitajika.

Yote yakishindikana, ukurasa waweza kutolewa katika Acrobat kama picha ya TIFF, kwa nukta 600 kwa inchi ikiwa una maandishi madogo. Kuandika upya tarehe au kiasi cha fedha kilichotoweka, hata kwa kukinakili kutoka kwenye skrini, si kazi ya msanifu; marekebisho ya namna hiyo yarudishwe kwa mteja.