Sufuri Iliyopotea

Leo nawaletea historia kidogo, na inaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha mfumo wa mishahara wa kampuni moja na mfumo wa kulipa kwa simu. Nambari ya simu niliihifadhi kama idadi. Sufuri ya mwanzo ikatoweka, 0722 ikawa 722, malipo yakakataliwa, na vibarua wakaenda nyumbani mikono mitupu siku ya mshahara.

Nilidhani tatizo ni la Java. Kumbe lilikuwapo kabla ya tarakilishi kuingia maofisini. Mwaka 1948 Wasovieti walifunga njia za nchi kavu za kwenda Berlin Magharibi, na mji ukalishwa kwa ndege hadi 1949. Shehena zilifika na hati za lugha na mipangilio mbalimbali. Edward Guilbert, sajini wa jeshi la Marekani, na wenzake wakabuni hati moja ya shehena iliyoweza kutumwa kwa teleksi, redio au simu. Mwaka 1968 kamati ya TDCC ikaundwa Marekani kusanifisha data za usafirishaji. Mwaka 1987 kikaja kiwango cha Umoja wa Mataifa, EDIFACT, na 1998 ikaja XML.

Mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf waliliweka wazo hilo kitabuni: buni umbo moja la data lisilo mali ya mfumo wowote, kila mfumo utafsiri kwenda na kutoka humo. Hesabu ni rahisi. Mifumo 6 ikiongea moja kwa moja inahitaji tafsiri 30, yaani 6 mara 5. Ikipitia umbo la pamoja, 12 zinatosha.

Lakini umbo bila maana halisaidii. XML yangu ilikuwa safi kabisa, na bado watu hawakulipwa. Nambari ya simu si idadi. Nani amewahi kujumlisha simu mbili? Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Kwa hivyo siku hizi, kabla sijaandika programu, nakaa na mhasibu na kumuuliza kuhusu kila sehemu ya data: hii tunaihesabu au tunaiita? Swali hilo lingewalipa vibarua wale.

Haya, kachungulie mfumo wako. Sufuri ingalipo?